Taa ya upepo wa tairi ikiwaka, pima kabla ya kununua

TAA ndogo ya njano, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati yake, imeanza kuwasumbua wafanyabiashara wengi wenye magari yaliyotumika. Wapo wanaoiona kila asubuhi na kuizoea. Wapo waliouziwa spea tatu kwa ajili yake bila mafanikio. Wapo pia waliochukua tepu nyeusi ya mafundi umeme na kuifunika, wakaendelea na safari zao.

Kaka yangu alikuwa miongoni mwa hao wa tepu. Yeye ni mfugaji wa kuku na mfanyabiashara wa mayai mjini Morogoro. Mwaka 2022 alinunua jipu dogo la mwaka 2015 lililotoka Uingereza, akaondoa viti vya nyuma na kuligeuza kuwa gari la kusambazia mayai hadi Iringa. Mwaka uliofuata taa hiyo ikaanza kuwaka. Fundi wa kwanza alimwambia kuwa sensa ya tairi la mbele kushoto imekufa, akamuuzia nyingine ya mtumba. Ilifanya kazi wiki chache tu, kisha taa ikarudi. “Mdogo wangu,” akaniambia, “hii taa si ya barabara zetu. Tairi ninaliona kwa macho yangu.” Ndipo akabandika tepu.

Miezi miwili baadaye, akiwa na trei 60 za mayai, tairi la nyuma kulia liliingiwa na msumari na kupoteza upepo polepole. Kwa nyuma, chini ya mzigo, hakuhisi kitu. Alishtuka gari likimvuta upande mmoja akiwa ndani ya Hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo mtu hashuki garini ovyo kubadilisha tairi. Akajikongoja hadi nje ya hifadhi. Hakuna aliyeumia, kwa bahati njema. Lakini tairi lilikuwa limechanika ubavuni, rimu imepinda, trei 22 zimevunjika, na hoteli iliyokuwa ikimsubiri Iringa ilikwishanunua mayai kwa mtu mwingine. Mteja huyo hakurudi.

Tulipolipima gari baadaye kwa mashine, tuligundua jambo ambalo ndilo sababu ya makala haya. Sensa ya tairi lililochanika ilikuwa nzima. Ilikuwa ikitoa taarifa siku zote. Iliyokufa betri ilikuwa ni ile ya mbele, na taa yake iliyokuwa ikiwaka bila kukoma ndiyo iliyomzuia kaka kujua kwamba nyuma kulikuwa na hatari ya kweli. Sensa moja iliyokufa ilikuwa imezifunga mdomo tatu zilizo hai.

Sensa hizi ni nini na zimetoka wapi?

Kwanza tuelewane. Sensa tunayoizungumzia hapa si ile ya watu na makazi. Ni kifaa kidogo chenye uzito wa gramu 30 hivi, kinachokaa ndani ya tairi, kwenye rimu, mara nyingi kikiwa kimeungana na valvu unayojazia upepo. Kazi yake ni kupima upepo na joto ndani ya tairi, kisha kuzituma taarifa hizo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta ya gari.

Historia yake ni ya majonzi. Mwaka 2000, huko Marekani, kampuni ya Firestone ililazimika kuita mamilioni ya matairi yake, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya ajali nyingi zilizosababisha vifo vya watu zaidi ya 200. Mwezi Novemba mwaka huohuo sheria ikapitishwa, na kuanzia mwaka 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa nchini humo likatakiwa kuwa na mfumo wa kumtahadharisha dereva upepo unapopungua. Umoja wa Ulaya ukafuata: magari ya abiria ya miundo mipya kuanzia Novemba 2012, na magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Japan, tunakotoa magari yetu mengi, haikwenda na mkondo huo wakati ule, ndiyo maana magari mengi madogo yaliyotoka moja kwa moja Japan hayana sensa hizi. Yenye nazo kwa wingi ni yale yaliyotoka Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, na yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani ambayo hutufikia kupitia Ghuba.

Kwa nini tatizo linatufikia sisi sasa?

Jibu liko kwenye hesabu ya umri. Betri ya sensa hudumu miaka mitano hadi kumi, kutegemea gari linavyotumika. Gari likiegeshwa, sensa nyingi hulala ili kutunza betri. Gari likitembea, huamka na kutuma taarifa mara kwa mara. Hivyo gari la teksi au la kusambaza bidhaa humaliza betri mapema kuliko gari la kwenda kanisani au msikitini tu.

Sasa angalia magari tunayonunua. Nchini Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limepita miaka minane, kwa hiyo wafanyabiashara wengi huleta yenye miaka saba kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu. Tanzania hakuna ukomo kama huo, ila magari yaliyozeeka hutozwa ushuru wa ziada, na wengi wetu bado tunanunua yenye miaka minane, kumi au zaidi. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa kwanza, huko Ulaya, alitumia betri hizo zikiwa mpya. Sisi tunalipokea gari wakati betri zinakata roho. Ni gharama iliyofichika ndani ya bei, sawa na mnunuzi wa ng’ombe wa maziwa ambaye hakuuliza amezaa mara ngapi.

Na mambo haya hayataishia kwenye magari ya abiria. Umoja wa Ulaya ulipanua sheria yake ili ihusu pia pikapu, mabasi, malori na matrela: miundo mipya kuanzia Julai 2022, na magari yote mapya kuanzia Julai 2024. Malori ya mtumba kutoka Ulaya yatakayobeba mahindi na mbao zetu miaka ijayo yatakuja na sensa hizo. Ni vizuri tukajifunza mapema.

Taa inasema nini?

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Taa ni moja, lakini ina lugha mbili.

Lugha ya kwanza: unawasha gari, taa inawaka na kubaki imewaka bila kupepesa. Hii inasema kuna tairi ambalo upepo wake umepungua. Haihusiani na betri ya sensa. Dawa yake ni kipima upepo na pampu.

Lugha ya pili: unawasha gari, taa inapepesa kwa dakika moja hadi moja na nusu, kisha inabaki imewaka. Hii inasema mfumo wenyewe una hitilafu, yaani kompyuta imeita sensa na haikupata jibu. Hapa ndipo betri iliyokufa inapoingia kwenye orodha ya washukiwa.

Tatizo ni kwamba baada ya kupepesa huko, taa hubaki imewaka kama kawaida. Upepo ukipungua katikati ya safari, kwenye gari lenye taa hiyo moja tu, dereva haoni tofauti yoyote. Ndivyo ilivyomkuta kaka yangu, hata kama asingebandika tepu.

Dalili nyingine ya betri inayochoka ni taa kuja na kuondoka. Betri hupungua nguvu kwenye baridi. Kwa wenzetu wa Njombe, Makete au Limuru, taa inaweza kupepesa alfajiri, na ikifika saa nne, jua likiwa limepanda na matairi yamepata joto, siku inayofuata isionekane kabisa. Lakini usichanganye na upepo uliopungua kwa sababu ya baridi yenyewe: joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, upepo katika tairi la gari dogo hupungua pauni moja na nusu hadi mbili. Tairi lililojazwa mchana wa jua kali, likiwa bado la moto kutokana na safari, linaweza kuwasha taa asubuhi bila kuwa na tundu lolote.

Pima kwa hatua hizi

Hatua ya kwanza haigharimu kitu. Angalia kama gari lako lina sensa ndani ya matairi au halina. Yako magari ambayo hayana betri wala sensa ndani ya tairi. Kompyuta yake hulinganisha kasi ya kila gurudumu kwa kutumia sensa za breki za ABS, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huzunguka kwa kasi zaidi kidogo kuliko mengine. Magari hayo hutakiwa tu kujazwa upepo sawasawa na kuweka upya kumbukumbu kwa kitufe au kwenye menyu ya dashibodi, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Anayekuuzia betri ya sensa kwa gari la namna hiyo anakuuzia kivuli. Ukiona valvu ya chuma iliyofungwa kwa nati kwenye rimu, uwezekano ni mkubwa kuwa una sensa ya ndani. Valvu ya mpira haithibitishi kuwa huna, kwani baadhi ya sensa hufungwa kwa valvu za mpira.

Hatua ya pili, pima upepo wa matairi yote asubuhi kabla gari halijatembea. Usisahau la akiba, kwa sababu kwenye baadhi ya magari nalo lina sensa. Jaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, hakikuwekwa kwa ajili ya gari lako. Kisha endesha kilomita chache. Taa ikizima, tatizo lilikuwa upepo. Tafuta pancha kwa maji ya sabuni.

Hatua ya tatu, kama taa bado inapepesa, tafuta ni gurudumu lipi lililonyamaza. Magari mengine huonyesha upepo wa kila tairi kwenye dashibodi, na lenye hitilafu huonyesha vistari badala ya namba. Kama gari lako halionyeshi, unahitaji fundi mwenye mashine ya sensa za matairi. Ni kifaa cha mkononi kinachosogezwa karibu na valvu ya kila tairi, nacho huiamsha sensa na kusoma namba yake ya utambulisho, upepo, joto, na mara nyingi hali ya betri. Kompyuta ya kawaida ya kupimia gari, ile inayochomekwa chini ya usukani, peke yake haitoshi kwenye magari mengi.

Hatua ya nne ni kufikiri. Sensa tatu zikijibu na moja ikanyamaza, basi hiyo imekufa betri au imevunjwa na fundi wa pancha. Zote nne zikinyamaza siku moja, usikubali haraka kuwa betri nne zimekufa kwa pamoja usiku mmoja. Huenda rimu zilibadilishwa na muuzaji kabla hujanunua gari na sensa zikaenda na rimu. Huenda fyuzi au kipokezi cha mawimbi ndani ya gari kina hitilafu. Zikijibu zote nne kwa mashine lakini dashibodi ikaendelea kulalamika, huenda gari halizitambui namba zake, au chaja ya bei rahisi uliyochomeka kwenye kiberiti cha gari inavuruga mawimbi. Ing’oe kwanza, ujaribu.

Je, betri hubadilishwa peke yake?

Swali hili huulizwa sana, na jibu lake linawaudhi watu. Kwa sensa nyingi, betri haikutengenezwa ili ibadilishwe. Ni betri ya duara kama sarafu, ya volti tatu, iliyounganishwa kwa kulehemu na kisha kumiminiwa utomvu mgumu juu yake ili maji na vumbi visiingie. Mtengenezaji anakusudia ubadilishe sensa nzima.

Wapo mafundi wa redio na simu wanaoukata utomvu huo na kuunganisha betri mpya. Inawezekana kwa baadhi ya sensa, nami sitamcheka anayefanya hivyo kwa kuwa hali zetu zinajulikana. Lakini ajue mambo manne. Kwanza, betri ya lithiamu haiguswi moja kwa moja na pasi ya kulehemu; inaweza kupasuka. Inunuliwe yenye masikio yaliyokwisha kuunganishwa kiwandani. Pili, betri ya kawaida ya saa au ya rimoti haikuundwa kwa joto la ndani ya tairi lililobeba mzigo juani. Ipo aina maalumu ya kuvumilia joto kali. Tatu, utomvu urudishwe na uzibe kabisa. Nne, gramu 30 zikizunguka na gurudumu la kawaida kwa kilomita 100 kwa saa huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo nne na zaidi. Kilichobandikwa kwa gundi dhaifu kitang’oka na kugongagonga ndani ya tairi.

Ukinunua sensa, una njia tatu. Ya kwanza ni sensa halisi ya mtengenezaji wa gari, kwa namba ya spea. Ya pili ni sensa mpya inayoweza kuandikwa upya, ambayo fundi mwenye mashine huipa namba ileile ya sensa iliyokufa, na gari lisijue kuwa kuna mgeni. Ya tatu ni ya mtumba, iliyovuliwa kwenye gari bovu. Hii ya tatu ndiyo aliyouziwa kaka yangu. Kiuchumi ni ununuzi mbaya, kwa sababu unalipia betri yenye umri sawa na ile iliyokufa, na ikifa tena unalipia kuvua na kufunga tairi kwa mara ya pili. Gharama ya ufundi inakula nafuu yote ya bei.

Jambo jingine la kuuliza dukani ni masafa ya redio. Sensa za magari ya soko la Ulaya hutumia megahezi 433, na nyingi za soko la Marekani na Japan hutumia 315. Sensa ya masafa mengine inaweza kuingia kwenye rimu vizuri kabisa, na gari lisiisikie milele.

Siku ya kufunga

Mwambie fundi wa matairi mapema kuwa kuna sensa ndani. Sensa nyingi zilizokufa hazikuuawa na umri, ziliuawa na nyundo na mtaimbo. Kinachotakiwa ni fundi kuvua tairi kwa mashine, akianza kubandua upande ulio mbali na valvu, na kurudishia kwa uangalifu uleule. Asitumie gundi ya pancha ya kumimina, kwani inaweza kuziba kitundu ambacho sensa hupimia upepo.

Kila sensa inapofunguliwa, mipira ya kuzuia upepo na nati yake zinatakiwa ziwe mpya. Hivi ni vitu vya bei ndogo lakini ndivyo vinavyovujisha. Nati ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Koleo la kawaida likitumika kwa nguvu, shina la alumini hukatika. Kwa wenzetu wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ina chumvi, sindano ya ndani ya valvu iwe ile iliyopakwa nikeli. Ya shaba tupu ndani ya shina la alumini huliana nayo hadi vikashikana, na siku ya kuifungua unang’oa sensa nzima. Kifuniko kiwe cha plastiki. Mwisho, gurudumu lipimwe mizani upya.

Baada ya hapo gari lifundishwe kuitambua sensa mpya. Magari mengine hujifunza yenyewe ukiyaendesha kwa mwendo wa kawaida kwa robo saa hivi. Mengine huhitaji fundi aguse kila gurudumu kwa mashine kwa mpangilio maalumu. Mengine ni lazima namba ziandikwe kwa kompyuta. Usilipe mpaka umeona taa imezima, umezima gari, umeliwasha tena, na taa haikupepesa.

Hesabu ya mfanyabiashara

Sasa tuje kwenye fedha. Je, inafaa kutengeneza?

Wauzaji wa sensa hupenda kusema kwamba utaokoa mafuta mengi. Tuwe wakweli. Makadirio ya Idara ya Nishati ya Marekani ni kwamba kila upepo unapopungua pauni moja katika matairi yote, gari hupoteza asilimia 0.2 ya ufanisi wake wa mafuta. Chukua gari linalokula lita 200 kwa mwezi, upepo ukiwa chini kwa pauni nane kwenye matairi yote manne: hasara ni kama lita tatu kwa mwezi. Si sifuri, lakini si mali ya kukutajirisha.

Hasara kubwa iko kwenye tairi na mzigo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata joto, huliwa kwenye kingo, na likibeba mzigo kwa mwendo kasi hupasuka. Kaka yangu alipoteza tairi, rimu, trei 22 na mteja katika asubuhi moja. Weka bei za kwako mwenyewe kwenye orodha hiyo, halafu ulinganishe na bei ya sensa uliyotajiwa dukani.

Kwa hiyo ushauri wangu unategemea wewe ni nani. Kama gari linaendeshwa na dereva wa kuajiriwa, linakwenda masafa marefu au linabeba abiria, tengeneza. Wewe mwenye mali hulioni tairi kila asubuhi, na sensa ndiyo jicho lako. Moja ikifa kwa uzee, nyingine tatu zina umri uleule. Kama uwezo upo, badilisha zote siku unaponunua matairi mapya, ili gharama ya kuvua na kufunga iwe moja.

Kama unaendesha mwenyewe, safari ni fupi, na fedha za msimu bado hazijaingia, unaweza kusubiri hadi matairi yaishe. Lakini kusubiri kuna masharti. Nunua kipima upepo chako mwenyewe, usitegemee cha kituo cha mafuta, na upime matairi yote kila asubuhi ya safari. Taa ikiwa haisemi tena, ni lazima mtu aifanye kazi yake.

Na hata mwenye sensa nzima asikitupe kipima upepo. Kwa kanuni za Marekani, taa hutakiwa kuwaka upepo ukishapungua kwa asilimia 25. Kwa gari linalotakiwa kuwa na pauni 32, hiyo ni pauni 24. Taa hutoa habari ya msiba uliokaribia, haitunzi matairi.

Kaka yangu hatimaye alibadilisha sensa zote nne alipofunga matairi mapya. Tepu aliibandua siku hiyohiyo. Lakini kitu cha kwanza alichonunua, siku mbili tu baada ya Mikumi na kabla hajapata fedha za sensa, kilikuwa kipima upepo kinachoingia mfukoni. Mpaka leo anakitumia kila alfajiri kabla ya kupakia trei. Ukimuuliza kwa nini, wakati taa yake sasa ni nzima, anajibu kwamba yai moja likivunjika humwambia, na tairi nalo linatakiwa liulizwe.